Mwalimu Mashimba Hutembea kwa Mkono

Nyumba ya Mwalimu Mashimba iko karibu sana na kanisa letu la Igoma. Mkewe akikaanga vitunguu, waumini wanameza mate katikati ya sala. Hata hivyo Mwalimu huja mazoezini kwa bodaboda. Hushuka taratibu, hushika kiuno, huzitazama zile ngazi tatu za kanisa kwa chuki, kisha huenda kukaa kwenye kiti chake cha plastiki mbele ya kwaya na haondoki hapo mpaka sala ya kufunga. Anatufundisha akiwa amekaa na anatuimbisha akiwa amekaa. Kinanda chake hulala ndani ya mfuko kwenye chumba cha vyombo, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kukigusa. Miaka yote niliyoimba sauti ya kwanza nimemwona akisimama ghafla mara moja tu, siku nyoka alipoingia upande wa sauti ya nne.

Huyu ndiye aliyetufundisha kufanya mazoezi ya viungo.

Mambo yalianza siku aliporudi kutoka mjini na saa janja. Si zile saa wanazovaa mabosi wa migodini. Ni ile nyeusi ya mkanda wa mpira ambayo wamachinga huitandaza kwenye turubai pamoja na soksi na vifuniko vya simu. Boksi lake lilikuwa na picha ya Mzungu anayekimbia ufukweni, na ubavuni yameandikwa mambo ambayo saa inayajua: hatua unazotembea, mapigo ya moyo, presha, usingizi, tena inakuletea meseji za simu mkononi. Mwalimu alitusomea boksi lote kabla ya sala ya kufungua, sauti ikimtetemeka.

Jumapili yake tukaaibika. Mchungaji alikuwa katikati ya mahubiri kuhusu toba, kanisa limetulia, wengine wameinamisha vichwa. Saa ya Mwalimu ikatetemeka. Naye akainua mkono juu ili aisome vizuri, maana maandishi ni madogo na macho yake ni ya utu uzima. Sasa kwaya yetu imefundishwa jambo moja kwa miaka mingi: mkono wa Mwalimu ukipanda, simama uimbe. Tukasimama wote kama askari na kuangusha pambio la shangwe, makofi na vigelegele juu, Mchungaji akiwa bado amenyoosha kidole kwa wenye dhambi. Meseji yenyewe ilitoka kwa watu wa mtandao wa simu, wakimwambia bando lake limekwisha.

Mtu mwingine angeivua ile saa na kuificha. Mwalimu hakuivua, kwa sababu mwisho wa ibada ilitetemeka tena, ikamchorea kikombe cha dhahabu na fataki. Saa ilikuwa inampongeza kwa kutembea. Kwa hesabu yake Mwalimu alikuwa ametoka Igoma, akapita Buzuruga, akaingia mjini kati na kurudi, na yote hayo bila makalio kuachana na kiti. Mtoto wa darasa la tatu angekwambia kwamba saa inahesabu mkono unavyorushwa hewani, na kazi ya Mwalimu ni kurusha mkono. Yeye alisema ni neema.

"Daktari aliniambia nitembee kila siku," alitutangazia, jasho likimtoka. "Basi leo nimetembea. Ushahidi huu hapa!"

Kufumba na kufumbua nusu ya kwaya walikuwa na saa. Zote nyeusi, zote za mkanda wa mpira, zote kutoka turubai lile lile, maana Mwalimu alijitolea kuwaletea. Likafunguliwa kundi la Wasapu, likaitwa Tembea na Bwana, na kila jioni watu wakatuma picha za hatua zao. Mwalimu aliongoza daima. Wa mwisho alikuwa dada mmoja wa sauti ya pili anayeuza mchicha kwa kutembeza. Yeye alikuwa anabeba beseni kichwani na kulishika kwa mkono wenye saa, kwa hiyo saa ilimhesabia kama mtu aliyelala kutwa nzima. Tulimwombea aache uvivu.

Ndipo Masele, kibonge wa sauti ya nne, akapata akili ambayo naamini haijawahi kupatikana popote duniani. Alivua saa yake, akaenda mbele, akamvalisha Mwalimu juu ya ile ya kwanza.

"Mwalimu, nitembezee na mimi," akasema. "Leo goti linauma."

Wiki ile ile Mwalimu akawa anaimbisha na saa zimepanda mpaka kwenye kiwiko. Watu wanafika mazoezini, wanavua, wanamvalisha, wanakwenda kukaa. Yeye anarusha mkono, wao wanakonda. Nilicheka mpaka mbavu zikauma, nikadhani mambo yataishia kwenye kicheko. Lakini nikaona nyimbo nazo zinaharibika. Nyimbo za taratibu hazileti hatua, kwa hiyo Mwalimu akaanza kuzipa mwendo. Kwenye msiba wa mzee mmoja jirani tuliimba wimbo wa kuaga maiti mbio mbio hata wabeba jeneza wakaanza kutembea kwa mdundo. Mjane alitutazama kwa namna ambayo mpaka leo nikikumbuka natamani kujifunika khanga. Mwalimu alikuwa akitazama mkono.

Mimi naitwa Hellen. Nashona nguo, kibanda changu kiko nyuma ya stendi, na naishi na mama yangu, Modesta, ambaye anaimba sauti ya pili na anaugua presha. Baba yangu alikufa kwa presha. Hakuugua kitandani, aliinama afunge kamba za viatu aende kwenye mkutano wa shule, hakuinuka. Kwa hiyo nyumbani kwetu vidonge vya presha havina mzaha. Nesi wa kliniki alimwambia mama mbele yangu: kidonge kila asubuhi, ujisikie vizuri usijisikie vizuri, mpaka siku unazikwa. Na mama alikuwa anameza bila kusukumwa.

Mpaka Mwalimu alipotoa ushuhuda.

Alisimama madhabahuni, kwa hiari yake, jambo ambalo lenyewe lilitosha kuwa muujiza. Akasema alikuwa na presha kwa miaka, alikuwa mtumwa wa vidonge. Tangu avae saa na kuanza mazoezi, saa inampima kila saa na kila saa inamwambia yuko sawa.

"Nimeacha dawa!" akapaza sauti. "Nimezitupa! Nitazameni!"

Kanisa likapiga makofi. Mkewe, masikini, alikwenda nyumbani mbio, akakusanya vidonge vyote vilivyokuwa kabatini akavimwaga chooni kwa furaha. Na mama yangu alinunua saa Jumatatu, na Jumanne hakumeza.

"Mama, kidonge."

"Cha nini?" Akanyoosha mkono, kioo kikawaka. "Soma mwenyewe. Mia na kumi na nane kwa sabini na sita. Hata wewe huna presha nzuri hivyo."

"Mama, saa hiyo inauzwa pamoja na soksi."

"Na Mwalimu Mashimba naye ni soksi? Mtu mzima asimame madhabahuni adanganye? Acha utoto, Hellen."

Nilimbembeleza nikachoka. Nikasaga kidonge nikatia kwenye uji, akautema, akaninunia siku nzima. Baada ya majuma mawili akaanza kulalamika kwamba kisogo kinagonga. Asubuhi moja nikasikia sufuria inaanguka jikoni. Nilimkuta ameegemea ukuta, uji umemwagika kwenye mkaa, mkono wa kushoto ameushika kwa mkono wa kulia kama kitu cha mtu mwingine. Nilimwona baba na kamba zake za viatu.

"Umeteleza?" nikamuuliza.

"Kizunguzungu tu," akasema. Kisha, kabla sijasema neno, akainua ile saa yake. Mia na kumi na nane kwa sabini na sita.

Hapo nikapandwa na hasira. Mezani kulikuwa na sato niliyemnunua alfajiri, amekwishaparuliwa magamba, matumbo yake yako kwenye ndoo. Nikamvua mama saa, nikamfunga sato kiunoni, nikabonyeza. Taa ya kijani ikawaka chini ya mkanda, ikafikiri kidogo, ikaleta jibu. Sato wetu alikuwa na mapigo sabini na mawili, presha mia na kumi na nane kwa sabini na sita. Alikuwa na afya kuliko sisi sote.

"Umeona?" nikapiga kelele. "Umeona, mama? Huyu hana hata moyo! Moyo wake uko kwenye ndoo!"

Mama akaweka miwani, akamwinamia yule samaki, akamgusa jicho.

"Ni wa leo huyu," akasema kwa utulivu. "Bado ana uhai uhai."

Nilikwenda mazoezini nimebeba maneno hayo kama kaa la moto. Nikamweleza Mwalimu mbele ya watu: saa imempima sato aliyetumbuliwa, ikasema ni mzima. Kwaya ikamgeukia. Mwalimu akatikisa kichwa kwa huruma.

"Ulimpima akiwa amelala au amesimama?"

"Samaki?"

"Alikuwa amelala. Ametulia. Hana mawazo, hana watoto wa kusomesha. Ulitaka presha yake ipande kwa sababu gani?" Kwaya ikacheka, Masele akacheka zaidi ya wote, na mimi nikarudi kwenye mstari wangu nimeshikwa aibu ambayo haikuwa yangu.

Ninachotaka ieleweke ni hiki: sikuwa napigania saa. Angevaa hata saa ya ukutani shingoni. Nilikuwa napigania mama amalize mwaka.

Kisha likatokea jambo dogo ambalo hakuna aliyeliona. Jumatano moja mazoezi yaliisha mvua ikinyesha, watu wakiwa na haraka, na Mwalimu akawagawia watu saa zao, ya mama ikiwemo, gizagiza, umeme umekatika. Asubuhi ya Alhamisi niliamka nikamkuta mama amekaa kwenye kigoda, kikombe cha maji mkononi, anameza kidonge chake cha presha.

Nikajifanya natafuta mkasi, nikauliza kwa sauti ya mtu asiyejali.

"Umebadili mawazo?"

"Saa imeniambia."

"Saa imekuambiaje?"

"Imetetemeka, nimetazama, imeandika nimeze. Mengine ni madogo, sikuwa na miwani." Akajifuta midomo kwa upande wa khanga. "Si nilikwambia hii kitu ina akili? Ilikuwa inanichunguza tu. Sasa imeona panahitajika dawa, imesema."

Nesi alisema, akakataa. Mimi nililia machozi, akakataa. Saa ya kwenye turubai imesema, kameza. Nilitaka kucheka, nilitaka kumtukana, lakini kidonge kilikuwa kimeshuka, na mtu akiamka na akili zake timamu huendi kumuuliza amezitoa wapi. Kila asubuhi kwa zaidi ya juma saa ilitetemeka, mama akatii. Kisogo kikaacha kugonga. Alianza tena kunisema kuhusu kuolewa, nikajua amepona.

Upande wa Mwalimu mambo yalikuwa mengine, ila sikuyatilia maanani. Meseji ziliacha kuingia kwenye saa yake, akalaumu mtandao kama tunavyofanya sote. Uso ulimvimba kidogo. Alikuwa akishika paji la uso katikati ya wimbo, akisema ni taa ya kanisa inamchoma. Kila aliyemuuliza hali alionyeshwa mkono.

Jumamosi tulikuwa na safari. Aoko, mwenzetu wa sauti ya pili, alikuwa anaolewa ng'ambo ya ziwa, Kamanga, na kwaya nzima ilialikwa, pamoja na mke wa Mwalimu na wazee wa kanisa. Tulipanda kivuko asubuhi mjini, tumevaa sare zetu za zambarau nilizoshona mwenyewe, tukabanana kwenye mabenchi ya juu. Ziwa lilikuwa limetulia, upepo kidogo. Mama alikuwa ubavuni kwangu akimenya ndizi. Tulipofika katikati saa yake ikatetemeka.

"Haya, mkubwa amesema," akasema, akaanza kupekua mkoba kutafuta kidonge. Miwani ilikuwa chini kabisa ya mkoba. "Hebu nisomee, huenda leo ameongeza na jingine."

Nikaushika mkono wake, nikasoma. Nikasoma tena. Maandishi yalikuwa haya: MEZA PRESHA. CHUPA IPO MFUKO WA KINANDA. MKE ASIONE.

Mama hana kinanda. Mama hana mke.

Nilikaa na ule mkono wake mapajani mwangu huku kivuko kikitikisika, na kila kitu kikajipanga. Saa zilibadilishana siku ile ya mvua. Hii ilikuwa ya Mwalimu. Mtu aliyesimama madhabahuni akasema ametupa dawa alikuwa anameza kila asubuhi, akijificha kwenye chumba cha vyombo na chupa yake kwenye mfuko wa kinanda, na saa yenyewe ndiyo iliyokuwa ikimkumbusha. Ile saa ilikuwa na kazi moja tu ya ukweli, na kazi hiyo ndiyo aliyoificha. Na sasa zaidi ya juma hakuna kilichomkumbusha.

"Imesemaje?" mama akauliza.

"Imesema umeze," nikamjibu. Akameza. Nikainuka.

Mwalimu alikuwa amesimama kwenye ukingo wa chuma, peke yake, amefumba jicho moja kwa sababu ya mwanga. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti."

"Mwalimu, saa zilibadilishana. Yako anayo mama."

Akautazama mkono wake, kisha akautazama wa mama kwa mbali. Nilimwona akielewa. Ilimpita usoni haraka, hofu tupu, kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko linawaka. Nilimhurumia kweli wakati ule, naomba niaminike.

"Zote ni moja tu," akasema.

"Si moja. Ile inasema umeze dawa. Inasema na chupa ilipo." Nilishusha sauti. "Sikuja kukuaibisha, Mwalimu. Nimekuja kukuuliza tu, tangu siku ile umemeza?"

"Itakuwa saa ya Masele."

"Masele hana kinanda."

"Dada, mimi nilikwishaacha dawa. Kanisa zima linajua." Alikuwa anasema kwa meno yaliyobana. "Unataka nini? Unataka nisimame niseme nini?"

"Nataka umeze. Na uwaambie. Mama yangu aliacha kwa ajili yako, alianguka jikoni."

Alinitazama. Nadhani palikuwa na sekunde moja ambapo angeweza kusema. Badala yake akainua mkono juu, juu kabisa, vidole vimenyooka, na nyuma yangu kwaya nzima ikasimama kwenye mabenchi na kuanza kuimba. Abiria wakapiga makofi. Nikabaki nimesimama mbele yake mdomo wazi, maneno yangu yamefunikwa na sauti nne, na katika ya pili aliyepaza zaidi alikuwa mama yangu mzazi.

Kamanga tuliimba chini ya turubai, jua limekaa juu yake. Mwalimu hakutaka kiti. Sijui kwa nini, labda alitaka kunionyesha. Alivaa saa zake sita, akasimama mbele ya maharusi, akaanzisha wimbo wa kuingia kwa kasi ya kufukuza mwizi. Aya ya kwanza ilikwenda. Aya ya pili mkono ukaanza kuchelewa. Sisi tumefundishwa kuufuata mkono, si wimbo, kwa hiyo tukapunguza. Mkono ukashuka zaidi, tukashusha na sauti. Aoko, ndani ya shela, alikuwa akitembea huku akisubiri mguu upi autangulize. Mwalimu akayumba kulia, sauti ya nne wakadhani zamu yao imefika, wakaingia kwa nguvu. Damu ikamtoka puani, ikadondokea kwenye shati jeupe, na sisi bado tunaimba. Tulinyamaza pale tu mkono ulipoanguka kabisa, na yeye akaufuata chini.

Nilikuwa wa kwanza kumfikia. Tulimpakia kwenye bajaji mpaka zahanati, Masele akimshika kichwa, na nusu ya kwaya ikafuata kwa miguu kwenye vumbi, zambarau tupu. Mama alikuwa mbele yao, ameshika viatu mkononi.

Zahanati ilikuwa na nesi mmoja wa zamu, mwanamke mwembamba mwenye sauti kavu. Alichukua kipimo chenyewe, kile cha kufunga mkononi na kujaza upepo, akakuta mkono hauna nafasi.

"Hizi ni nini?"

"Ni za watu," Masele akajibu, kichwa cha Mwalimu kikiwa bado mapajani mwake. "Anatutembezea."

Nesi hakuuliza zaidi. Akazivua moja moja akazitupa kwenye beseni la bati, nazo zikawa zinatetemeka humo na kuchora vikombe vya dhahabu. Akafunga kipimo, akakijaza upepo, akasikiliza. Uso wake ukabadilika. Akapima tena. Akahamia mkono mwingine, akapima mara ya tatu, kisha akatoka kwenye kiti chake akafungua kabati.

"Mgonjwa anatumia dawa gani za presha?"

"Hatumii!" kwaya ikajibu mlangoni, sauti zote nne. "Alishaacha!"

"Ameponywa," mtu akaongeza nyuma.

Nesi akasimama na sindano mkononi. "Sikuwauliza ninyi." Akamwinamia. "Baba, nisikilize. Nikikupa dawa bila kujua ulikuwa unameza nini, naweza kukuangusha kabisa. Kama hujawahi kumeza, nafanya hivi. Kama ulikuwa unameza ukaacha ghafla, nafanya vingine. Niambie ukweli. Ulikuwa unameza?"

Mdomo wangu ulikuwa umefunguka tayari. Kisha nikaufunga. Nilitaka ayaseme yeye, na kama angechelewa kidogo tu ningesema mimi. Nilikuwa nimeshika fremu ya kitanda kwa mikono miwili. Mwalimu alikuwa na fahamu zake zote. Alitazama dari ya mabati. Akatazama mlangoni, kule walikojazana watu waliompigia makofi. Pamba aliyowekewa puani ilikuwa imeloa. Nilimwona akipima kati ya kufa na kuchekwa, na aibu yangu kubwa kwa niaba yake ni kwamba alipima kwa muda mrefu.

"Nilikuwa nameza," akasema mwishowe.

"Sema kwa sauti, sisikii."

"Nilikuwa nameza. Kila siku. Sikuwahi kuacha. Nimesahau hizi siku tisa."

Hakuna aliyecheka. Masele alikitoa kichwa cha Mwalimu mapajani mwake polepole na kukilaza kwenye mto, akarudi nyuma mpaka ukutani. Nesi alikuwa tayari anapasua kichupa cha dawa, haraka haraka, akiuliza jina la vidonge, na Mwalimu akamtajia bila kukosea hata herufi moja.

Mama yangu akapenya katikati ya watu akaja mpaka kando ya kitanda. Vumbi lilikuwa limempanda mpaka magotini.

"Na mimi je, Mwalimu?" akamuuliza.

Mwalimu akageuzia uso ukutani.

"Mimi niliacha. Ulisema umeacha, nami nikaacha. Mtoto wangu alinililia, nikamwona mjinga. Na mimi je?"

Nesi akainua kichwa kutoka kwenye mkono aliokuwa anauchoma sindano. Akamtazama mama, akaitazama ile sare ya zambarau, akaitazama zambarau yote iliyojaa mlangoni.

"Nani mwingine hapa aliacha dawa?"

Saa zikatetemeka tena kwenye beseni la bati. Kisha Masele akainua mkono, macho chini. Dada wa mchicha akainua wake. Mzee wa kanisa, yule anayekusanya sadaka. Wawili wa sauti ya tatu, mtu na kaka yake. Mkono wa mke wa Mwalimu ulipanda nyuma kabisa, na sikuwahi kujua kwamba yeye naye alikuwa mgonjwa. Mikono ikaendelea kupanda mpaka nje, kwenye jua.

Mwalimu Mashimba akafumba macho.

"Fumbua, baba," nesi akamwambia, huku akisukuma dawa taratibu. "Fumbua uwaone."